Bomba la gesi linatafuta mzigo, Kariakoo ijiandae

Na Mwandishi Wetu

KILA mfanyabiashara wa Kariakoo anaijua hesabu ya lori. Ukikodi fuso kwenda Lushoto au Ilula kufuata nyanya, nauli ya gari ni ile ile, lijae matenga au lirudi na matenga kumi tu. Likijaa, nauli inagawanyika na kila tenga linabeba kidogo. Likirudi nusu tupu, ama mwenye mzigo analipia pengo hilo, ama mwenye gari anakula hasara. Na kama gari lilinunuliwa kwa mkopo, benki haisikilizi habari za nyanya.

Biashara ya kusafirisha gesi asilia kwa bomba haina tofauti kubwa na hiyo. Fedha nyingi hutumika mwanzoni, kununua mabomba na kuyafukia ardhini. Baada ya hapo, gharama za kulinda, kukagua na kulipa mkopo hazipungui sana hata kama gesi inayopita ni kidogo. Mwenye bomba anaishi kwa wingi wa mzigo.

Ndiyo maana swali linalowakabili wenye mabomba ya gesi nchini ni lile lile la mwenye fuso: mzigo wa kujaza nafasi iliyobaki utatoka wapi? Jibu lake linamhusu mama lishe wa Mtaa wa Kongo, dereva wa bajaji anayelaza chombo Gerezani, na mkulima wa Mkuranga anayeleta mihogo sokoni kila alfajiri.

Mabomba mawili, hesabu moja

Gesi asilia iligunduliwa katika kisiwa cha Songo Songo, wilayani Kilwa, mwaka 1974. Ilikaa chini ya ardhi miaka 30. Ilianza kufika Dar es Salaam mwaka 2004, kupitia bomba la kilomita 25 chini ya bahari hadi Somanga Fungu, kisha kilomita 207 nchi kavu hadi Ubungo, kwenye mitambo ya umeme ya Songas. Bomba hilo la nchi kavu lina kipenyo cha inchi 16.

Bomba la pili ni lile la Serikali, chini ya Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC). Linatoka Madimba, Mtwara, hadi Kinyerezi, likiwa na tawi la kutoka Songo Songo linaloungana nalo Somanga. Urefu wa yote ni kilomita 542. Lilijengwa kwa takribani dola za Marekani bilioni 1.2, sehemu kubwa ikiwa mkopo wa Benki ya Exim ya China, na lilizinduliwa Oktoba 2015 na Rais Jakaya Kikwete.

Bomba hili la pili lina kipenyo cha inchi 36. Ukilinganisha matundu, lina nafasi mara tano ya lile la kwanza. Uwezo wake ni kupitisha futi za ujazo milioni 784 za gesi kwa siku.

Hapo ndipo hesabu ya lori inaporudi. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali iliyotolewa mwaka 2017 ilionyesha kuwa bomba lilikuwa likitumika kwa takribani asilimia 6 tu ya uwezo wake. Matumizi yamepanda sana tangu wakati huo, lakini nafasi iliyo tupu bado ni kubwa kuliko iliyojaa.

Ikumbukwe pia kuwa bomba hili lina historia yenye uchungu. Mwaka 2013 wananchi wa Mtwara waliandamana wakisema gesi haitoki, na machafuko yaliyofuata yaligharimu maisha ya watu na mali. Hoja yao ilikuwa kwamba gesi ilikuwa inaondoka kabla wao hawajaona faida yake. Bomba likiendelea kuwa tupu, hasara ni kwa wote wawili, wa kule linakoanzia na wa huku linakoishia.

Mteja mmoja mkubwa hatoshi

Kwa kawaida bomba hujengwa kwa kumtegemea mteja mmoja mkubwa anayehakikisha kuwa mkopo unalipika. Kwa Tanzania mteja huyo alikuwa umeme. Nchi ilikuwa imechoshwa na mgawo wa umeme wa mwaka 2006 na ule wa mwaka 2011, mabwawa yalipokauka na majenereta ya dharura yakawa yanakula mafuta ya gharama kubwa. Gesi ilionekana mkombozi, na kweli mitambo ya Ubungo na Kinyerezi imeibeba nchi kwa miaka mingi.

Lakini mambo yamebadilika. Mkataba wa miaka 20 wa kuuza umeme wa Songas ulifikia mwisho mwaka 2024. Mwaka huo huo Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lilianza kutoa umeme, na mwaka 2025 mitambo yake yote tisa ilikuwa imekamilika, yenye jumla ya megawati 2,115. Maji ya bwawa hayanunuliwi kwa futi za ujazo. Yakiwepo, ni rahisi mwendeshaji wa gridi kuyatumia kabla ya gesi.

Hii haina maana kwamba mitambo ya gesi imekwisha kazi. Mwaka wa ukame utakapokuja, na unakuja, itahitajika. Hata hivyo, mteja wa kusubiri ukame si mteja wa kukuzia biashara. Mwenye bomba anahitaji wateja wanaowasha jiko kila siku, mvua inyeshe isinyeshe.

Viwanda vilivyo kando ya bomba

Kundi la kwanza la wateja wa namna hiyo ni viwanda. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilikuwa miongoni mwa watumiaji wa mwanzo kabisa. Vilifuata viwanda vingine vya jijini, kikiwamo cha vioo cha Kioo Limited na cha bia cha TBL. Kwa upande wa kusini, kiwanda cha saruji cha Dangote, Mtwara, kilianza kutumia gesi mwaka 2018, na Mkuranga kuna kiwanda cha vigae cha Goodwill.

Mbinu hapa ni nyepesi kueleza. Bomba kuu ni kama barabara ya lami. Likishakuwepo, kinachobaki ni kuchonga njia fupi za kuingia kwa mteja. Mkuranga imepata viwanda kwa sababu, pamoja na mambo mengine, ipo jirani na Dar es Salaam na bomba linapita huko. Kila kiwanda kinachoungwa kinapunguza mzigo wa gharama kwa wengine wote.

Tatizo ni kwamba viwanda vikubwa vinahesabika. Ukishawaunga walio jirani, waliobaki wako mbali, na bomba la kuwafikia ni gharama mpya. Hapo ndipo macho yanapogeukia watumiaji wadogo.

Gesi inayosafiri kwa magurudumu

Njia moja ya kumfikia mteja bila kumchimbia mtaro ni kuishindilia gesi kwenye mitungi mizito na kuisafirisha kwa lori. Hii ndiyo gesi ambayo madereva wanaiita CNG. Kituo kinachokaa juu ya bomba huitwa kituo mama. Kinashindilia gesi, lori linabeba, na vituo vidogo vilivyo mbali na bomba vinapokea.

Dar es Salaam ilianza na kituo cha Ubungo mwaka 2009. Kwa miaka mingi mwitikio ulikuwa mdogo. Bei ya petroli ilipopanda mwaka 2022, madereva wa bajaji na teksi za mtandaoni walianza kubadili mifumo ya vyombo vyao kwa wingi, na foleni za vituoni zikawa habari ya mji. Mwaka 2025 TPDC ilifungua kituo mama katika Barabara ya Sam Nujoma, karibu na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mpango wake ulihusu pia kupeleka gesi kwa lori Hospitali ya Taifa ya Muhimbili na kiwanda cha dawa cha Kairuki, Kibaha.

Kwa mtu wa Kariakoo, Muhimbili ni mwendo wa miguu. Na mwaka 2025 yaliletwa mabasi ya mwendo kasi yanayotumia gesi kwa ajili ya njia ya Mbagala, ambayo inaishia Gerezani. Kwa maneno mengine, gesi ya kusini imeanza kuingia Kariakoo kwa magurudumu kabla ya kuingia kwa bomba.

Je, dereva anafaidika? Hesabu aifanye mwenyewe kwa tarakimu zake. Tuchukue mfano. Dereva wa bajaji anatumia petroli ya sh. 15,000 kwa siku. Akihamia gesi, kazi ile ile inamgharimu sh. 7,000. Anaokoa sh. 8,000. Kama kubadilisha mfumo kumemgharimu sh. 1,200,000, atarudisha fedha zake kwa siku 150 za kazi.

Lakini aongeze na saa za foleni. Kama anasubiri gesi saa mbili kila siku, na saa mbili hizo zingempatia sh. 5,000, basi kilichobaki ni sh. 3,000 tu kwa siku, na fedha zake zitarudi baada ya siku 400. Kwa hiyo kwa dereva idadi ya vituo ina uzito sawa na bei ya gesi. Mwenye bomba anayetaka kuongeza mauzo aanze na foleni.

Kariakoo ni mteja mzuri kwa bomba

Tukiacha magari, lipo suala la majiko. TPDC imekuwa ikiunganisha nyumba katika maeneo kama Mikocheni, Sinza na Ubungo, pamoja na Lindi na Mtwara. Kazi imekwenda taratibu. Kwa jiji ambalo sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728, nyumba zilizoungwa ni chache mno.

Sababu mojawapo ni umbali kati ya mteja na mteja. Tuseme, kwa mfano tu, mita moja ya bomba la mtaani inagharimu sh. 200,000. Mtaa wa mita 100 ni sh. milioni 20. Kama mtaa huo una nyumba nane zenye bustani, kila nyumba inabeba sh. milioni 2.5 kabla hata haijapika chai. Kama mtaa huo huo una majiko 80, kila jiko linabeba sh. 250,000.

Sasa pita Mtaa wa Swahili, Sikukuu, Narung'ombe au Msimbazi. Ghorofa limebanana na ghorofa. Chini maduka, katikati stoo, juu wapangaji na nyumba za kulala wageni. Kuna hoteli za wali na pilau, majiko ya chipsi na mikate, na vyakula vinavyopikwa tangu alfajiri hadi usiku wa manane kwa ajili ya wateja wa mikoani na nchi jirani. Ni maeneo machache nchini yenye majiko mengi yanayowaka kwa saa nyingi ndani ya eneo dogo kama hili.

Kwa hesabu ya bomba, hoteli moja inayopika siku nzima ina thamani kuliko nyumba nyingi zinazopika mara mbili. Na ghorofa lenye majiko ishirini linaweza kuwa mteja mmoja, likapewa bomba moja la kupanda juu na mita kwa kila mpangaji. Kama mkakati wa kukuza biashara ni kupata mzigo mwingi kwa mita chache za bomba, basi Kariakoo inastahili kuwa juu ya orodha.

Lakini kuna ugumu

Hata hivyo, yapo mambo matatu yasiyopaswa kufumbiwa macho.

La kwanza ni usalama. Soko Kuu la Kariakoo liliungua Julai 10, 2021 na wafanyabiashara wengi wakabaki mikono mitupu. Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Mtaa ambao gari la zimamoto linapita kwa shida, na ambao baadhi ya majengo hubadilishwa bila wataalamu, haufai kuingizwa gesi kabla ya kupangwa. Bomba linataka ramani inayoheshimiwa, watu waliofundishwa, na valvu za kufungia zinazofikika bila kuvunja kibanda cha mtu.

La pili ni nani anayeunganishwa. Mkataba wa gesi unataka anwani. Mwenye jengo ndiye mwenye anwani, na mpikaji mara nyingi ni mpangaji. Je, nani atalipa gharama ya kuunga? Na mpangaji akihama, atarudishiwa? Mambo haya yasipoandikwa mapema, yataishia kwenye ugomvi wa kodi.

La tatu ni mama lishe na wakaanga mihogo wa kando ya barabara. Hawa hawana ukuta wa kutundika mita. Bomba haliwezi kuwafikia pale walipo. Wakipangiwa maeneo ya pamoja ya kupikia, yenye paa na jiko la bomba la kulipia kwa kipimo, watafikika. Wasipopangiwa, wataendelea na mkaa huku gesi ikipita chini ya miguu yao.

Gesi ya mtungi si gesi ya bomba

Wapo wasomaji wanaodhani mtungi wa jikoni umejazwa gesi ya Songo Songo. Sivyo. Gesi ya mtungi wa nyumbani ni ya aina nyingine na huagizwa kutoka nje kwa meli. Bei yake hufuata soko la dunia na thamani ya dola. Gesi ya bomba inatoka Lindi na Mtwara, na bei zake husimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA).

Tofauti hii ina maana jikoni. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama chini. Gesi asilia ni nyepesi, ikivuja hupanda juu. Kwa hiyo jiko la gesi asilia linahitaji matundu ya hewa karibu na dari. Pia jiko la mtungi haliungwi kwenye bomba hivi hivi, ni lazima fundi abadilishe vitundu vya kutolea gesi.

Mshindani mkubwa wa bomba ni huo mtungi, pamoja na mkaa na jiko la umeme. Mtungi una faida moja ambayo bomba halina, unabebeka. Mkaa una faida nyingine, unauzwa kwa kopo. Mama lishe mwenye mtaji wa siku moja ananunua nishati ya siku moja. Gesi ya bomba ikiletwa kwa mita ya kulipia kabla ya kutumia, kidogo kidogo kama luku, itaweza kupambana. Ikiletwa kwa bili ya mwezi na amana kubwa, itabaki ya wenye mahoteli.

Mkulima anapata nini?

Mkulima ana mambo matatu ya kufuatilia. Kwanza ni mbolea. Gesi asilia ni malighafi ya kutengeneza amonia, na amonia ndiyo inayozaa urea. Wazo la kiwanda cha mbolea Kilwa si geni, lilikuwepo tangu enzi za mradi wa KILAMCO, na likafufuliwa baada ya gesi kuanza kutoka. Mara zote halikufika mwisho, na katika miaka ya karibuni kikwazo kikubwa kilikuwa bei ya gesi. Kiwanda cha mbolea ni mteja mkubwa ambaye bomba lingemfurahia, lakini anataka gesi ya bei ya chini. Hapo Serikali inapaswa kupima kati ya mapato ya leo na mavuno ya kesho.

Pili ni nauli. Malori na mabasi yanayotumia gesi yakiongezeka, na vituo vikifika Chalinze na Morogoro na kuendelea, gharama ya kufikisha mazao Kariakoo inaweza kupungua. Bila vituo barabarani, lori la gesi litabaki kuzunguka jijini.

Tatu ni mkaa, na hapa ukweli lazima usemwe. Serikali ilizindua Mei 2024 mkakati wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 zilikwisha kupigwa marufuku kutumia kuni na mkaa. Mkulima wa Kisarawe, Handeni au Kilosa anayetegemea gunia la mkaa kulipa ada wakati wa kiangazi ajue soko lake linaanza kubanwa. Ni vyema aanze sasa kutafuta zao la kiangazi, kuliko kungoja siku lori la mkaa litakapokosa mteja.

Kabla ya kwenda Mombasa

Wenye mabomba wanatazama pia nje ya mipaka. Mei 2021 Tanzania na Kenya zilitia saini makubaliano ya bomba la gesi la kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa. Uganda nayo imekuwa kwenye mazungumzo. Mkoani Mtwara, kazi ya bomba la kilomita 35 la kuleta gesi ya kisima cha Ntorya hadi Madimba inalenga kuongeza mzigo upande wa kuanzia.

Hayo ni mazuri. Lakini mwenye fuso mwenye busara hajazi gari kwa mzigo wa mbali tu huku akiacha wa jirani. Dar es Salaam yenyewe bado haijapikiwa. Kila jiko linaloungwa Kariakoo ni mteja wa kila siku, asiyesubiri ukame na asiyehitaji kilomita 600 za bomba jipya.

Wafanyabiashara nao wasikae kungoja. Wenye majengo wanaokarabati sasa waulize kwa TPDC kama mtaa wao umo kwenye mipango, na waache njia ya bomba kwenye michoro. Wapangaji wenye hoteli waungane jengo kwa jengo, wapige hesabu ya gesi wanayotumia kwa mwezi na kuipeleka wakiwa na sauti moja. Umoja wa mama lishe udai eneo la kupikia lenye mita.

Mkopo wa bomba utalipwa, liwe limejaa au tupu. Tofauti ni kama utalipwa na majiko mengi kidogo kidogo, au na walipa kodi ambao hawajawahi kuiona gesi hiyo ikiwaka.